Rangi Chini ya Regyuleta

Jumamosi, 22 Julai 2006

Hesbon amekuja. Miaka sita mwanangu hajakanyaga ua huu wa Kitale, na leo ameingia saa tatu asubuhi na mfuko wa spana begani, kama fundi aliyeitwa na mtu mwingine. Na kweli aliitwa na mtu mwingine — dada yake. Joy alimpigia simu kutoka Uingereza: kaka, nenda ukamwunganishie mtoto wangu kile chombo.

Chombo chenyewe ni pikipiki ndogo ya magurudumu manne, ya watoto, iliyokuja kwa kontena ikiwa vipande vipande. Ivy, mjukuu wangu, anaiita kwodi. Si mpya. Joy ameituma kwa binti yake badala ya kuja mwenyewe, na huu ni mwaka wa nne. Sikulisema hilo mbele ya mtoto. Ana miaka kumi na mmoja. Hahitaji kuambiwa anachokijua.

Hesbon alifanya kazi kwa saa nne. Kwangu mimi alikuwa na salamu na "naomba maji", basi. Kwa Ivy alikuwa na maneno mengi — hii ni nini, ile inafanya nini, usiguse hapa injini ikiwa moto. Alipomaliza alipima betri kwa mita yake, akapiga stata, ikawaka. Ivy alizunguka ghala la mahindi mpaka kuku wakahamia kwa jirani.

Wakati wa kuondoka ndipo alipotoa lililomleta hasa. Alisimama, kofia mkononi. Mwaka huu ni wa shufwa, mwaka wa tohara, na mwanawe Ian ametimiza miaka kumi na mitatu. Siku imewekwa: Jumamosi, tarehe kumi na tisa Agosti, alfajiri, nyumbani kwake Bumula.

"Atakuja mwenyewe na kengele kukualika, Baba. Nimetaka tu ujue mapema."

Mvulana huwaalika jamaa zake hivyo, kwa kupita akipiga kengele. Nikasema: vyema. Neno moja. Nilikuwa na mengine lakini hayakupangika.

Mke wangu Nekoye alinijia baadaye na uso wa mashtaka. "Baba Hesbon, mtoto ametoka Bumula yote hiyo, hata hukumwambia aketi ale."

Alikuwa amekula. Jikoni, na mama yake. Nilisikia wakicheka.

Jumatatu, 24 Julai 2006

Nimeikagua kwodi kwa miwani. Kutu! Upande wote wa chini wa fremu. Chumvi ya safari ya bahari. Ama Hesbon hakuiona, ama aliiona akapita. Tabia ya zamani: kazi inaenda, basi inatosha.

Nimenunua kopo la rangi nyeusi ya mafuta, brashi na msasa.

Jumatano, 26 Julai 2006

Siku njema ya kazi. Nimefungua kila kilichofungwa kwenye fremu, nikakipa nambari, nikaandika kwenye karatasi mahali pake. Miaka thelathini na moja ya kuwa karani na mkalimani wa mahakama haiwezi kupotea bure. Kilichotolewa hurudishwa kilipokuwa.

Nyuma ya betri kuna kijisanduku cha alumini chenye mbavu, kimeshikwa kwa boliti mbili, spana namba kumi. Nilimsikia Hesbon akimwambia Ivy kwamba kinaitwa regyuleta: ndicho kinachozuia umeme wa injini usiingie kwenye betri kupita kiasi. Nilipokitoa nilishangaa. Chini yake chuma kilikuwa kitupu, kimekwanguliwa mpaka kinang'aa. Mtu gani anakwangua rangi mahali halafu anapaacha uchi? Hapo ndipo kutu ingeanzia.

Nimepapaka. Mara mbili. Mahali pasipoonekana hupakwa kama panapoonekana. Huo ndio unadhifu.

Ijumaa, 28 Julai 2006

Rangi imekauka. Nimerudisha kila kitu. Hakuna boliti iliyobaki mkononi! Imewaka mara ya kwanza.

Nekoye alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umeipaka ikang'aa kama jeneza." Ivy alicheka hadi akakaa chini. Nilicheka kidogo mimi pia. Inameta kweli.

Jumapili, 30 Julai 2006

Baada ya kanisa Ivy aliendesha kwa nusu saa. Akarudi kwa babu yake akiziba pua. "Kuka, inanuka mayai viza!"

Nilifikiri ni mzaha. Si mzaha. Harufu inatoka kwenye betri. Niliigusa ubavu: moto, kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Taa ya mbele nayo imeungua. Ilimulika sana, anasema Ivy, nyeupe kabisa, kisha pu!

Hesbon aliiacha nzima, anasema Nekoye. Nimemwambia nzima ya siku nane si nzima.

Jumanne, 1 Agosti 2006

Nilifungua vile vifuniko sita vya betri. Maji yamepungua katika vyumba vyote. Nilijaza maji ya betri, Ivy akaendesha mara nne kuzunguka nyumba, yakaanza kutokota. Nilisikia kwa masikio yangu. Sauti ya uji.

Nimeipeleka betri mjini kwa Ravi. Namfahamu tangu alipokuwa akikaa juu ya kaunta ya baba yake, marehemu Nanda, akila karanga. Sasa duka ni lake: betri, nyaya, taa za magari. Aliigeuza betri mikononi, akaitikisa karibu na sikio, akatikisa kichwa.

"Hii imepikwa, mzee."

Nikaomba mpya. Alinipa, ila akasema nilete mashine yenyewe aipime, maana betri haijipiki. Kuna kitu kinaipika. Nikamwambia sina haja. Aliyeunganisha nyaya ni mwanangu, kwa hiyo chanzo cha kosa kinajulikana.

"Mwana yupi? Hesbon wa Bumula?" Ravi aliweka chini kalamu. "Huyo ni fundi, bana! Gari ikinishinda, mimi namtumia yeye."

Nilichukua hayo kuwa adabu ya mwenye duka.

Ijumaa, 4 Agosti 2006

Tumerudi kutoka zahanati.

Betri mpya imetokota. Siku tatu tu! Safari hii ilitapika. Asidi ilitoka kwenye tundu la pembeni, ikapita chini ya kiti, ikamwagikia mguu wa Ivy wa kushoto, juu ya kifundo. Nekoye alimbeba hadi kwenye mfereji akammwagia maji na kummwagia, huku akiniita. Soksi ilikuwa na matundu kama iliyoliwa na panya.

Zahanati wamesema ameponea kwa yale maji. Kovu litabaki, si kubwa. Mtoto hakulia kwa kidonda. Alilia njiani tuliporudi: "Sasa mtaiuza, Kuka?" Ile kwodi ndiyo mama yake, nadhani.

Usiku huu nimemwandikia Hesbon. Nakala naitunza hapa, kwa mazoea:

"Hesbon. Kazi uliyoifanya hapa tarehe 22 Julai imemwunguza mtoto. Ulipotoka shuleni nilisema kwamba hutamaliza kitu, na hujamaliza. Mtu asiyeweza kuunganisha chombo cha watoto hana la kumfundisha mvulana kuhusu kusimama imara. Mwambie Ian asijisumbue kuleta kengele zake Kitale. Mimi baba yako, Jairus."

Nimeisoma mara tatu. Hakuna kosa.

Jumamosi, 5 Agosti 2006

Katibu wa kanisa alikuwa anakwenda Bumula kwa mazishi. Nimempa barua.

Nekoye: "Umemwandikia mtoto nini?"

Mimi: "Ukweli."

Aliendelea kuchambua mboga. Baadaye aliniambia nijipakulie.

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Katibu amerudi. "Balua imefika, mzee." Nilimwuliza ilivyopokelewa. Anasema Hesbon aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akamletea kiti. Akamwuliza swali moja tu: mtoto ameungua wapi?

Sikulitarajia swali hilo. Nilitarajia hasira.

Jumatano, 9 Agosti 2006

Lazima niandike haya yote kama yalivyotokea, bila kuruka.

Asubuhi nilimwita Wepukhulu mwenye pikapu, tukapakia kwodi, tukaipeleka kwa Ravi. Nilitaka aipime, aandike kosa kwenye karatasi, nami niitunze hiyo karatasi. Huo ndio ukweli wa nia yangu. Nilitaka ushahidi baada ya hukumu.

Ravi alikuwa na wateja wawili. Aliwaacha, akatoka barazani na mita yake. Aligusisha sindano mbili kwenye betri, injini ikiwa kimya: volti kumi na mbili na nusu. Sawa, akasema. Akamwambia Wepukhulu awashe injini na aivute moto taratibu, iungurume. Nambari zikapanda. Kumi na tatu. Kumi na nne na nusu. "Hapa ingesimama," akasema Ravi. Haikusimama. Kumi na sita. Kumi na saba na ushei! Harufu ikaanza. Akamwambia Wepukhulu azime.

"Regyuleta inalala kazini," nikasema, "ama iliunganishwa vibaya."

"Ngoja, mzee. Tusiifunge jela bado."

Alichukua kipande cha waya. Mwisho mmoja akaushikiza kwenye mwili wa ile regyuleta, mwisho wa pili kwenye ncha hasi ya betri. Injini ikawashwa tena, ikavutwa moto. Kumi na nne na pointi tatu. Ikasimama pale. Akautoa waya: kumi na saba. Akaurudisha: kumi na nne na pointi tatu. Mara tatu alifanya hivyo, polepole, ili nione. Wateja nao walisogea kutazama. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe hiyo kitu ni nzima, imekosa tu njia!"

Ravi alichuchumaa akachungulia. Akapitisha ukucha kati ya regyuleta na fremu.

"Mzee Jairus, nani alipaka hii rangi?"

"Mimi."

Aliinuka. Kisha akaeleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Umeme unaozidi, regyuleta huutupa kwenye fremu. Mafundi wanaita erthi. Njia yake ni pale mwili wake unapogusa chuma. Pasipo na mgusano haina pa kuutupa, na wote unakwenda kwenye betri. Rangi ni kama glavu, alisema. Mkono upo lakini haugusi.

Nikasema labda palikuwa na rangi tangu mwanzo. Ndiyo, nilisema hivyo! Mwenye miaka sabini na miwili! Ravi alilegeza boliti moja, akainua kijisanduku kidogo, akamulika kwa tochi.

"Hapana. Tazama pembeni mwa tundu, mikwaruzo ya tupa iko chini ya rangi yako. Aliyefunga kwanza alikwangua mpaka chuma. Hiyo ni kazi ya mtu anajua anachofanya."

Nilikumbuka. Chuma kitupu kinachong'aa. Nilikuwa nimeandika katika daftari hili hili: mtu gani anapaacha uchi.

Ravi alishika bisibisi. "Dakika mbili, mzee, nakwangua, unaenda nyumbani." Nikamshika mkono. Nilimwambia aache. Aliniangalia kana kwamba jua limenipiga. Sikuweza kumweleza pale mbele ya watu. Kielelezo hakiguswi kabla ya kufikishwa mbele ya anayehusika. Mimi mwenyewe nimewakemea mapolisi kwa hilo.

Nimekunywa chai ikiwa baridi. Nekoye bado sijamwambia.

Alhamisi, 10 Agosti 2006

Barua tatu. Zote nimezichana. Ya kwanza ilieleza habari ya rangi tangu kopo hadi boliti, kurasa mbili. Ilikuwa ripoti. Ya pili ilianza "Kwa kuwa imebainika". Imebainika! Na nani? Ya tatu ilikuwa na maneno mawili, nikayaona machache mno, nikaongeza, nikaharibu.

Nimempigia Hesbon kwa simu ya mkononi ya Ivy, ile aliyotumiwa na mama yake. Iliita hadi ikakatika. Mara mbili.

Jumapili, 13 Agosti 2006

Nimemwambia Nekoye. Tulikuwa tunapukuchua mahindi ya mbegu. Nilisema yote, na betri mbili, na mguu wa mtoto, na barua, na lile neno la kengele. Alipukuchua gunzi mpaka likaisha, akalitupa kwenye kapu.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Nilingoja anikaripie. Aliokota gunzi jingine. Kisha akauliza, bila kuinua macho: "Na ile ya jenereta, Baba Hesbon? Ile nayo uliwahi kuikwangua?"

Sikumjibu. Naandika hapa jibu.

Mwaka 1990 mwalimu mkuu aliniandikia kwamba Hesbon, kidato cha tatu, ameunguza jenereta ya shule kwa kuichezea usiku, kwamba wanamfukuza, kwamba nitie sahihi. Barua ilikuwa na muhuri. Nilitia sahihi siku ile ile, ofisini, kati ya kesi mbili. Alipofika nyumbani na sanduku lake alisimama mlangoni akafungua kinywa. Nikamwambia: "Nyamaza. Nimesoma."

Basi alinyamaza. Akaenda Bungoma akajifunza umeme wa magari kwa kubeba spana za wengine. Nilisema ni ujeuri: anakwenda kuchezea kile kile alichokiharibu. Miaka sita iliyopita, siku ya ubatizo wa mdogo wa Ian, nililirudia hilo mbele ya wageni wake. Ndipo alipoacha kuja.

Mahakamani, kila mshtakiwa aliulizwa. Hata mwizi wa kuku. Hata yule aliyekamatwa na kuku mkononi! Hakimu alisema kwa Kiingereza, nami nikageuka, nikamtazama mtu machoni, nikasema: "Una lolote la kusema kabla ya mahakama kuamua?" Sijui nimelisema mara ngapi. Maelfu. Wengine hawakuwa na la kusema, lakini waliulizwa.

Mwanangu sikumwuliza. Sijui mpaka leo kama aliiunguza jenereta ile au hakuiunguza. Sijui! Na nimeishi naye kama mtu ninayejua.

Jumanne, 15 Agosti 2006

Kengele.

Saa nne hivi, upande wa Tuwan, zikija juu kwa barabara yetu. Mvulana, na vijana wakimfuata wakiimba. Ivy aliruka kwa mguu mmoja hadi langoni. "Ni Ian! Kuka, ni Ian!" Nilikwenda chumbani nikavaa koti. Nikabadilisha viatu. Nikatafuta kitu cha kumpa, maana mvulana aliyekuja kukualika haondoki mikono mitupu. Nikakamata jogoo mwekundu.

Walipita. Mvulana wa ukoo mwingine, anakwenda kwa shangazi yake nyuma ya kituo cha mafuta. Uso umepakwa unga, kengele kwenye mikono, jasho. Alinipungia kwa adabu. Vijana wakanitania, "Mzee, na hilo koti, arusi ya nani?"

Nikabaki langoni na jogoo kwapani.

Nekoye alitoka. Alimpokea jogoo akamfungia.

Alhamisi, 17 Agosti 2006

Hakuna kengele. Keshokutwa alfajiri ndiyo siku.

Sisi wa kanisa tumeacha pombe, tumeacha nyimbo nyingine zisizofaa. Kengele hatujaziacha, na hili hatujaliacha: asiyealikwa na mvulana hasimami uani kwao. Jamaa wote wanajua nani alifikiwa na nani hakufikiwa. Babu mzaa baba asipokuwapo, watauliza. Akiwapo bila kualikwa, watauliza zaidi. Baba yangu alisimama mbele yangu nikitahiriwa mwaka 1948. Nakumbuka miguu yake tu; sikuruhusiwa kuinua macho, lakini niliiona miguu yake, na ndiyo iliyonisimamisha.

Joy alipiga simu jana. Alikwisha kusikia. "Baba, kwani ulimwambia nini Hesbon? Ananiambia tu ati nisijali, atalipa ile betri." Atalipa! Betri niliyoipika mimi.

Leo nilikuwa nimekaa barazani, nikimweleza Nekoye kwamba siwezi kwenda Bumula kwa sababu hizi na hizi. Nadhani nilikuwa nimefika sababu ya nne. Ivy alikuwa akijikuna pembeni mwa bandeji.

"Lakini Kuka, si wewe ndio ulimwambia asikuje?"

"Mimi ndimi niliyemwambia asije."

"Eeh. Sasa yeye anakujaje? Si uende wewe?"

Nekoye aliingia ndani akanitolea koti. Ameanza kulipiga pasi.

Kesho asubuhi. Wepukhulu atakuja na pikapu. Nimesema kwodi ipakiwe jinsi ilivyo, betri imefunguliwa, rangi haijaguswa. Ivy anakwenda. Nekoye naye, ingawa alikwenda Bumula jana kwa gari la kina mama wa kanisa. Alirudi leo asubuhi kwa ajili ya mguu wa mtoto, anasema. Nadhani alirudi kwa ajili yangu. Hakuniambia alichokisikia huko.

Ijumaa, 18 Agosti 2006

Bumula. Saa saba mchana. Naandika nikiwa kiti cha mbele cha pikapu, daftari gotini. Nimeambiwa ningoje.

Tulifika saa sita na nusu. Ua umejaa. Turubai, masufuria, wanawake wa kwao mkewe Hesbon wakipepeta mtama. Ian alikuwa katikati, amerudi sasa hivi kutoka kwa wajomba, anacheza na kengele zake. Alituona. Akaacha. Kengele zikanyamaza, na ziliponyamaza ua wote ukageuka kutazama langoni. Sikushuka. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa tayari nje; nikaurudisha.

Nekoye alishuka na Ivy, wakaingia. Wao hawakukatazwa na mtu.

Hesbon alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina unga wa saruji. Anatengeneza jiko la nje. Alikuja moja kwa moja. Hakunijia mimi. Alimsimamisha Ivy, akapiga goti, akashusha soksi yake, akafunua bandeji kidogo akatazama. "Inauma?" Ivy akasema inawasha tu. Akamfunika vizuri, akamwambia aende kwa Ian.

Kisha akaja kwenye dirisha langu.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Tangu Kitale nilikuwa nikiyapanga, na kufika Bungoma mjini yalikuwa yamenyooka kabisa. Yote yakaondoka. Nikasema: "Hesbon. Uliiacha nzima. Mimi nilipaka rangi chini ya regyuleta. Iko pale nyuma. Sijaigusa, ili uione mwenyewe."

Alitazama nyuma ya pikapu. Wanawake wa mtama walikuwa wameacha kupepeta. Shangazi mmoja alisema kwa sauti yenye kufika, "Huyo ndiye babu aliyekataa kengele?" Mwingine akamkanya.

Nilijua kwamba nikinyamaza hapo nitakuwa nimekiri dogo na kuficha kubwa. Nikamtazama machoni, kama nilivyofunzwa kuwatazama.

"Mwaka 1990," nikasema. "Ile jenereta. Una lolote la kusema?"

Miaka kumi na sita nimechelewa. Sauti yangu haikuwa ya mahakamani.

Hesbon aliweka mkono juu ya mlango wa gari. Vidole vyake vina makovu madogo meupe, sikuwahi kuyaona. Asidi, sasa nayajua. Alifungua kinywa kama alivyokifungua siku ile mlangoni na sanduku. Nilingoja. Safari hii nilingoja.

"Ngoja hapo," akasema. Akageuka akaingia ndani.

Basi nangoja. Dakika ishirini sasa. Wepukhulu amekwenda dukani kutafuta soda. Wanawake wamerudia mtama wao. Ian amekaa kwenye kigogo na Ivy, anamwonyesha jinsi kengele zinavyoshikwa. Hajazipiga tena. Kila mara ananitazama, kisha anatazama mlango alioingilia baba yake. Miguu yake imeshachubuka kwa kukimbia. Kesho itasimama.

Sijui Hesbon amekwenda kuchukua nini. Labda barua. Angekuwa na haki kunirudishia.

Anatoka. Hana kitu mkononi. Amenawa mikono, anaipangusa kwa suruali. Hakuja dirishani. Amepita ubavuni mwa gari, amepanda nyuma. Nahisi gari likiinama kwa uzito wake. Namwona kwenye kioo: amechuchumaa kando ya kwodi, ameinamisha kichwa, anapitisha kidole kati ya fremu na regyuleta. Polepole. Anarudia. Mabega yake yanatikisika. Sijui kama anacheka au nini, kwa sababu amenipa mgongo.

Sasa ametulia. Amenyoosha mkono nyuma, kiganja juu, bila kugeuka, kama fundi anavyomnyooshea mtu aliye karibu naye.

"Spana ya kumi."

Hakutaja jina. Wepukhulu hajarudi. Watoto wako mbali. Hakuna mwingine hapa.

Ninayo. Imo katika mfuko wa koti; ni ile ile niliyoitumia siku nilipopaka. Mkono wake bado uko pale. Mlango huu unafungukia uani, na kushuka ni kukanyaga ndani ya lango bila kengele. Naweka kalamu —